Bridget wa Kambi ya Reli

Mke wangu Awino alimtunza Bi Rosaleen Meagher kwa miaka minne kule Alexandria, jimbo la Virginia, Marekani, katika nyumba ya mbao yenye kibaraza, jirani na yadi ya zamani ya reli. Bi Rosaleen alikuwa amefundisha shule ya msingi hadi akastaafu. Hakuolewa. Miguu ilipomgomea alikubali kiti cha magurudumu kwa sharti moja, kwamba asiegeshwe mbele ya televisheni.

"Niweke dirishani," alimwambia Awino siku ya kwanza. "Hapo angalau nitatazama watu wasiojua kwamba wanatazamwa."

Mimi nilikuwa dereva wa teksi wakati huo, na jioni nilipita kumchukua mke wangu. Bi Rosaleen hakuniita Mutai. Aliniita Bwana Awino, nikazoea hata nikawa naitika. Sikuruhusiwa kungoja garini. Niliingia jikoni, nikapewa kikombe. Awino alipika chai ya maziwa na tangawizi kwenye sufuria, kama walivyopika kwao Ahero, Kenya, na mara ya kwanza bibi yule aliitazama akauliza kama ni supu. Kufikia Krismasi alikuwa hataki nyingine. Mgeni akimwandalia chai ya kifuko, alikiinua kile kifuko kwa kijiko na kukiweka kando kama panya aliyekufa.

Alikuwa na mdogo wake mmoja tu, Lawrence, mzima moto mstaafu aliyeishi Temple Hills. Lawrence alikuja kila Jumapili baada ya misa na boksi la donati, akala nyingi kuliko dada yake, akarekebisha kitu kimoja ndani ya nyumba hata kama hakikuharibika, akaondoka.

Mwaka wa tisini na saba, majani yalipoanza kugeuka rangi, daktari alimwambia Bi Rosaleen kwamba moyo wake umechoka. Alirudi nyumbani. Awino alipokuwa akimvua koti, akauliza:

"Awino, unamjua babu wa baba yako?"

Awino alimtajia. Kisha akamtaja baba wa huyo, na baba yake tena, akaendelea kupanda hadi bibi akainua mkono kumzuia.

"Basi inatosha. Mimi huko juu namjua mmoja tu, na hata huyo nimesimuliwa."

Huyo mmoja alikuwa Patrick Meagher, baba wa babu yake, aliyevuka bahari kutoka Ayalandi wakati wa ile njaa ya viazi. Jina hilo la Meagher wao walilitamka Miga. Kwa masimulizi ya familia, Patrick alikuwa msimamizi mkuu wa ujenzi wa reli iliyopasua milima ya Virginia, mtu wa farasi mweusi na saa ya mnyororo. Mkewe, Bridget, alikuwa bibi wa glavu za lesi asiyewahi kushika ufagio. Bi Rosaleen aliisimulia hadithi hiyo vizuri mno. Aliwasimulia wanafunzi wake, akawasimulia watoto wa Lawrence, na mtu akilia kwa kuumwa jino alimwambia kwamba damu ya Meagher haiogopi kitu. Sasa alitaka kuwaandikia wale wapwa zake, wawe na kitu cha kweli mkononi.

"Sensa za zamani ziko mjini," alisema. "Kila mtu aliyekuwa nchi hii yumo humo. Nataka nimwone Patrick kwa macho yangu mawili kabla hayajafumba."

Lawrence aliposikia alishusha donati yake kwenye sahani.

"Rose, kwa umri huu? Waache wazee walale."

"Wamelala vya kutosha," Bi Rosaleen akamjibu.

Basi kila Jumanne Awino alimvika shali, akamsukuma hadi stesheni ya King Street, wakapanda treni ya Metro wakavuka mto hadi kwenye jumba la kumbukumbu za taifa. Siku nikiwa ofu nilikwenda nao. Watu walikaa katika chumba chenye giza mbele ya mashine kama wanaoangalia sinema kila mtu ya kwake. Unatia mkanda wa filamu, unazungusha mpini, na kurasa zilizoandikwa kwa mkono miaka mia na hamsini iliyopita zinapita kwenye mwanga mmoja mmoja. Bi Rosaleen hakuweza kuzungusha kwa muda mrefu, kwa hiyo Awino alizungusha na yeye akasoma. Mkono wa Awino ukichoka nilishika mimi. Nilikuwa nazungusha haraka mno, nikaambiwa hivyo na wote wawili.

Tulimtafuta Patrick Meagher katika vitabu vya majina, hatukumpata. Tulipata akina Patrick wengine, wengi ajabu, ungedhani Ayalandi nzima ilikuwa na jina moja la kiume. Mmoja alikuwa seremala, mwingine mtoto mchanga. Majani yakaisha mitini, ikaja baridi.

Chumbani mle alikuwamo mzee mmoja Mmarekani Mweusi aliyejitolea kusaidia wageni, Bwana Whitlock, mwenye suruali ya mikanda ya mabegani. Jumanne moja alimpa Awino kipande cha karatasi.

"Hebu niandikie hilo jina kwa herufi kubwa," alisema. "Makarani wa sensa hawakuwa wakiomba vitambulisho. Walisimama mlangoni, wakaandika walichosikia. Labda tunahitaji kuliandika vingine."

Awino akaandika. Kisha akakaa akilitazama lile jina. Alikuwa akilisoma kila siku kwenye chupa za dawa, lakini kitu ukikizoea hukioni tena. Sasa alikuwa ameliandika kwa mkono wake, kwa herufi kubwa.

"Mama Rosaleen," alisema, "mimi nimewahi kuliona jina hili kwenye msalaba."

"Msalaba gani?"

"Wa kaburi. Shuleni kwetu tulikuwa na sista kutoka Ayalandi, alitufundisha kushona na hesabu. Alipofariki walimzika pale misheni, wakaandika jina lake hivi hivi. Lakini sisi hatukumwita Miga. Tulimwita Sista Maha. Yeye mwenyewe ndivyo alivyojiita."

Bi Rosaleen aligeuza kichwa taratibu.

"Sema tena."

"Maha."

"Maha," akarudia, polepole, kama anayeonja chumvi kwenye mchuzi. Kisha akacheka hadi watu wa mashine za jirani wakageuka. "Miaka themanini na ushee nimekuwa nikikosea jina langu mwenyewe, na lilikuwa limehifadhiwa Kenya."

Bwana Whitlock alikwishafika kwenye kabati la mikanda. Hakuchukua muda. Alirudi na sensa ya mwaka 1850, wilaya moja ya milimani, akatia filamu mwenyewe, akamwachia Awino mpini.

Haikuwa nyumba. Ilikuwa kambi. Majina ya wanaume yalishuka ukurasa mzima, na pembeni ya kila jina karani alikuwa ameandika kibarua wa reli, kibarua wa reli, hadi akachoka akawa anaweka vialama tu vya kuonyesha ni vilevile. Kuzaliwa: Ayalandi. Chini yake: Ayalandi. Vijana watupu. Na katikati yao, Patrick Mahar. Hakuwa msimamizi. Katika safu ya watu wasiojua kusoma wala kuandika alikuwa ametiwa alama, kama wenzake wote.

Nilimtazama Bi Rosaleen nikidhani atahuzunika. Alikuwa amenyoosha mkono, ameuweka kwenye mwanga wa mashine, na lile jina lilikuwa limeandikika juu ya ngozi ya vidole vyake.

"Shikamoo, Patrick," mke wangu alisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini. Hakuna aliyemuuliza maana yake.

"Na farasi mweusi?" nikauliza mimi.

"Alikuwa wa mtu mwingine, Bwana Awino," akajibu bibi. "Patrick labda alimshikia hatamu."

Awino alikuwa anasoma mbele zaidi. "Chakula cha watu wote hawa nani alikuwa anapika?" Kisha akaonyesha kwa kidole mstari wa mwisho wa ile kambi. Bridget Mahar, miaka kumi na tisa. Mwanamke pekee katika ukurasa mzima. Karani hakuandika kazi yake. Mwaka huo wanawake hawakuulizwa kazi.

"Masikini binti," akasema Awino. Bi Rosaleen akakubali kwa kichwa, na glavu za lesi zikaishia hapo bila mtu kuzitaja.

Jumanne iliyofuata sikuwapo, kwa hiyo haya nayasema kama Awino alivyoniambia. Walitafuta sensa ya 1860. Patrick hakuwamo tena. Bridget alikuwamo, kiongozi wa kaya, na safari hii kazi yake iliandikwa: dobi. Nyumbani kwake walikuwa wamepanga vibarua wa reli kadhaa. Mtoto alikuwa mmoja tu, wa miaka minne, Thomas. Bi Rosaleen alifurahi, kwa maana babu yake aliitwa Thomas na alikufa kabla yeye hajazaliwa. Kisha akasogeza uso kwenye kioo akasoma jina la pili. Halikuwa Mahar. Yule mtoto aliandikwa Thomas Feeney.

Waliangalia ya 1870. Bridget yuleyule, dobi yuleyule, na pembeni yake Thomas, miaka kumi na minne, kibarua wa reli, sasa akiitwa Thomas Mahar. Feeney hakuwapo tena popote. Wala hakukuwa na mtoto mwingine.

Bi Rosaleen aliomba kurudi nyumbani.

Kesho yake hakutaka chai. Awino alipika, akaiweka, ikapoa, akaipasha, ikapoa tena. Mwishowe alileta beseni la maji ya moto, akakaa kwenye kigoda, akaanza kumkanda miguu kama alivyofanya kila asubuhi.

"Mimi si Maha," Bi Rosaleen alisema. "Wala Miga. Mimi ni wa mtu fulani Feeney aliyekufa porini."

"Kitukuu chake."

"Usinichekeshe, Awino. Nina huzuni."

"Sawa, Mama. Huzuni ya nini?"

Bibi akamtazama kama mwanafunzi aliyeuliza swali la ajabu. "Nimekaa na jina hili maisha yangu yote. Nilikataa kuolewa na mtu mzuri kabisa, na sababu mojawapo ni kwamba sikutaka kuliacha. Na halikuwa langu."

Awino aliendelea kukanda. Kisha akasema, "Nina dada anaitwa Aketch. Tumekua kitanda kimoja. Siku ya kumzika mama yetu, mzee mmoja alisimama kutoa salamu, akamshukuru marehemu kwa kumlelea binti yake. Mimi nikawa nageuka kutafuta huyo binti ni nani. Alikuwa Aketch. Mama yake alikuwa shangazi yangu, alifariki alipomzaa. Wakubwa wote walijua. Sisi watoto hatukujua."

"Ukafanyaje?"

"Nililia. Lakini si kwa sababu ya Aketch. Nilikumbuka mama alivyokuwa akigawa samaki jioni. Nilitafuta kichwani siku hata moja ambayo kipande cha Aketch kilikuwa kidogo kuliko changu. Sikuipata. Ndipo nikamlilia mama sawasawa."

Maji yalipoa kwenye beseni. Bi Rosaleen alikuwa anaangalia nje dirishani, ingawa hakuna aliyepita.

"Bridget alikuwa na miaka ishirini na tisa," alisema. "Mjane. Na nguo za wanaume wote wale za kufua."

"Naam."

"Akamchukua mtoto asiye wake, akampa jina la mumewe."

"Naam, Mama."

"Hiyo chai ipashe mara ya mwisho. Nitainywa."

Sasa iliyobaki ilikuwa hofu ya Lawrence. Bi Rosaleen aliamini kwamba mdogo wake atavunjika moyo, yeye aliyewapa wanawe wote majina ya kina Patrick na Thomas. Alifikiria hata kutomwambia. Awino hakumshauri chochote. Jumapili ilipofika nilikuwa pale, nimeitwa makusudi, nadhani, ili kuwe na mtu wa kumshika Lawrence akizirai.

Alikuja na donati zake. Bi Rosaleen hakumpa nafasi ya kurekebisha kitu. Alimketisha, akamweleza yote kwa mpangilio wa kimwalimu: kambi, dobi, Thomas Feeney, Thomas Mahar. Lawrence alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati.

"Nani amekuambia?"

"Sensa. Nimesoma mwenyewe."

"Mimi aliniambia baba," Lawrence akasema.

Nilimsikia Awino akizima jiko.

"Alinisindikiza stesheni asubuhi niliyokwenda vitani," Lawrence aliendelea. "Alidhani sitarudi, kwa hiyo akaniambia mambo. Kwamba Patrick aliuawa na baruti ya kupasulia mwamba. Kwamba akina Feeney, mume na mke, walikufa kwa homa wakati mmoja, na Bridget aliwakuta asubuhi, mtoto yuko katikati yao, hai. Bridget alikuwa amekwishamzika mumewe na kichanga chake. Akambeba yule mtoto akaenda naye kwenye kufua. Babu Thomas alimwambia baba kwamba katika mambo yale yote hakukumbuka chochote isipokuwa harufu ya sabuni."

"Lawrence. Hiyo ni zaidi ya miaka hamsini."

"Najua."

"Na hukuniambia."

"Baba alinikataza. Alisema, Rosaleen analipenda sana jina hilo, usimwondolee." Alivaa miwani yake tena. "Halafu wewe ulikuwa ukiisimulia ile hadithi vizuri mno, na farasi, na glavu. Watoto walikuwa wakikaa kimya. Sikutaka kukukatiza."

Bi Rosaleen alimkunjia uso kwa muda mrefu. Kisha akachukua leso yake akampiga nayo begani, mara ya kwanza kwa hasira kidogo, mara ya pili bila hasira yoyote, na ile ya tatu mkono ukabaki palepale begani. Lawrence aliufunika kwa wake. Mimi na Awino tukakumbuka kwamba tulikuwa na sufuria za kuosha.

Mwezi wa nne, baridi ilipopungua, niliwapeleka wote milimani kwa teksi yangu. Ni mwendo wa saa kadhaa kutoka Alexandria, na ndugu wale wawili walibishana nyuma kutwa kuhusu dirisha, lifunguliwe au lifungwe. Mji wenyewe ni mdogo. Kanisa Katoliki liko juu ya kilima, na mama mmoja mwenye funguo alitupeleka nyuma kwenye makaburi. Alituambia kwamba mawe yaliyopo ni ya watu wa baadaye. Wale wa kambi ya reli waliwekewa misalaba ya mbao, ikaoza, na hakuna anayejua yupi alilala wapi. Alituonyesha mteremko wa nyasi uliokwenda hadi kwenye uzio. Chini ya uzio ilikuwa reli, bado inatumika.

"Basi wamo humu," Bi Rosaleen akasema. "Niwekeni chini."

"Rose, nyasi zina unyevu," Lawrence akasema.

"Nimesema niwekeni chini."

Tukambeba, mimi upande huu na Lawrence upande ule, tukamkalisha juu ya blanketi. Awino akafungua chapati na mayai ya kuchemsha, tukala hapo hapo, mgongo kwa jua. Bi Rosaleen aliweka kiganja chake kwenye nyasi, akaanza kusimulia. Ilikuwa hadithi ya zamani lakini imeanza mahali pengine: msichana wa miaka kumi na tisa, sufuria kubwa kama pipa, mikono iliyopasuka kwa sabuni, wanaume wanaoimba wakirudi na tope hadi magotini. Lawrence aliongeza aliyoyasikia kwa baba yao. Walipingana kuhusu yule kichanga, kama alikuwa wa kiume au wa kike, na hakuna aliyekubali kushindwa. Awino alimuuliza Lawrence kama Thomas alikuja kuwa mtu mwema.

"Aliwapigia kelele watu wote," Lawrence akasema, "ila Bridget. Baba alisema Thomas akiwa mtu mzima, na masharubu yake, alikuwa akimbebea mama yake ndoo za maji barabarani mchana kweupe, na ole wake kibarua atakayecheka."

Treni ya mizigo ilipita chini yetu, ndefu, ya makaa ya mawe, na mazungumzo yakasimama hadi behewa la mwisho lilipokwisha kupita. Bi Rosaleen aliwahesabia wafu kwa majina, Patrick, Bridget, akina Feeney mume na mke ambao majina yao ya kwanza hatukuyajua, akawaombea. Tukaitikia amina.

Wakati wa kurudi alikaa nyuma na mdogo wake. Hatujafika hata barabara kuu akawa amelala, kichwa kimemwangukia Lawrence begani, mdomo wazi. Nilimwona Lawrence kwenye kioo. Alikuwa amenyooka kama mtu anayepigwa picha, mkono wake umeganda mahali pabaya juu ya mlango, na kila nilipopita kwenye shimo alinitazama vibaya. Nikapunguza mwendo. Magari yakatupita, mengine yakipiga honi. Awino aliinama akazima redio.

"Mkono haukuumi?" nilimuuliza Lawrence kwa kunong'ona.

"Endesha tu, Bwana Awino," akasema.